STAB, ICUCH, ACUA au NAS: umwendee nani ukiwa na swali la urithi wa chini ya bahari?

Swali hili huwafika watu wasiofanana kabisa. Ofisa wa mambo ya kale amewekewa mezani barua ya kampuni inayotaka kutoa mizigo ya meli iliyozama na kugawana mapato na serikali. Mwalimu wa uzamiaji wa Nungwi au Watamu ameona mizinga kwenye mwamba anaowapeleka wageni kila siku, na wageni wameanza kuokota vigae. Mwanafunzi wa akiolojia amemaliza shahada ya kwanza na hajui pa kujifunzia kazi ya majini. Wavuvi wamevuta wavu ukaja na mtungi wa udongo ulioota matumbawe. Kila mmoja anataka ushauri wa mtu anayelijua jambo, na kila akiuliza hutajiwa vifupisho vilevile vinne: STAB ya UNESCO, ICUCH ya ICOMOS, ACUA ya Marekani na NAS ya Uingereza.

Vyote vinne vina wataalamu wa kweli na vyote hutoa ushauri. Ila havifanyi kazi moja, na mtu anayeandika barua kwa chombo kisichomhusu hupoteza miezi wakati kitu chenyewe kinaharibika. Ndiyo maana nimeona niviweke kando kwa kando.

Kwanza niseme jambo moja ili lisitusumbue huko mbele. Hakuna hata kimoja kati ya vyombo hivi kinachotoa kibali cha kugusa kitu chochote katika bahari yetu. Kwa Kenya mwenye mamlaka ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya, chini ya Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006. Tanzania Bara ni Idara ya Mambo ya Kale, na sheria yake ya msingi ni ya mwaka 1964. Zanzibar ina idara yake yenyewe ya makumbusho na mambo ya kale. Ukiona jambo, hodi ya kwanza ni huko. Vyombo ninavyovilinganisha hapa ni vya kuwasaidia hao wenye mamlaka, na kukusaidia wewe kuzungumza nao ukiwa na hoja mkononi.

Haraka yenyewe inatokana na chumvi. Mzinga wa chuma uliolala baharini miaka 300 huwa umejifunika ganda la chokaa, mchanga na kutu, na chumvi imeingia hadi ndani ya chuma. Ukiwa chini huko umeshatulia. Unaoza polepole sana. Utoe, uulaze juani mbele ya hoteli kama pambo, na baada ya muda ganda linapasuka, matone ya rangi ya chungwa yanatoka kwenye nyufa, kisha uso wa chuma unaanza kubanduka vipande vipande, pamoja na alama zozote za kiwanda zilizokuwapo. Kigae cha udongo nacho kikikauka, chumvi iliyomo ndani huganda na kuurusha ung'azi wake. Mbao hunywea na kupinda. Kuzuia haya kunataka maji baridi yasiyo na chumvi, yabadilishwe mara kwa mara kwa miezi au miaka, na wakati mwingine dawa maalumu. Meli ya Kiingereza Mary Rose ilitolewa majini mwaka 1982 na ikaendelea kunyunyiziwa mfululizo hadi mwaka 2013. Miaka 31. Asiyekuwa na uwezo wa kubeba mzigo huo asikiguse kitu, na ushauri mzuri kuliko wote mara nyingi huwa ni huo tu.

Vigezo nilivyotumia

Nimeviuliza vyote maswali yaleyale. Kinawajibika kwa nani, kwa sababu ushauri hubeba uzito wa aliyeutuma? Nani anaruhusiwa kukiomba msaada? Unachopata mkononi ni nini hasa: ripoti, mafunzo, barua, au mtu wa kuzungumza naye? Kinakwama wapi? Na mwisho, kinamfaa mtu wa aina gani?

Sikuweka kigezo cha maadili, kwa sababu hapo vyote vinasimama pamoja. Vyote hufuata kanuni 36 za kiambatisho cha Mkataba wa UNESCO wa Kulinda Urithi wa Kitamaduni wa Chini ya Maji, uliopitishwa tarehe 2 Novemba 2001 na kuanza kutumika Januari 2009. Kanuni ya kwanza inasema kukiacha kitu pale kilipo ndilo chaguo la kufikiriwa kabla ya mengine yote. Ya pili inakataza urithi huo kugeuzwa bidhaa ya biashara. Nyingine inataka fedha za mradi mzima ziwe zimepatikana kabla ya kazi kuanza, isipokuwa kwa dharura. Na mkataba unahesabu kuwa urithi kila alama ya maisha ya binadamu iliyokaa chini ya maji, muda wote au kwa vipindi, kwa miaka isiyopungua 100. Kwa kipimo hicho manowari ya Kiingereza Pegasus, iliyopigwa katika bandari ya Zanzibar Septemba 1914, na Königsberg ya Wajerumani, iliyoishia kwenye delta ya Rufiji Julai 1915, zimekwisha kuingia. Vita vya Kwanza vya Dunia si historia ya juzi tena.

STAB: jopo la wataalamu la UNESCO

*Kinawajibika kwa nani.* STAB ni Chombo cha Ushauri wa Kisayansi na Kiufundi kilichoundwa chini ya mkataba huo wa 2001. Wataalamu wake hupendekezwa na nchi zilizoridhia na kuchaguliwa katika mkutano wa nchi hizo, kwa kuzingatia mgawanyo wa maeneo ya dunia na uwiano wa wanawake na wanaume. Walianza 12, na kanuni zake zinaruhusu idadi ifike 24. Kwa hiyo hiki ni chombo cha serikali kwa serikali, chenye uzito wa kidiplomasia ambao vingine vitatu havina.

*Nani anakiomba.* Nchi iliyoridhia mkataba. Si chuo, si kikundi cha wazamiaji, si mtu binafsi. Hapa ndipo wengi hugonga mwamba.

*Unachopata.* Ujumbe wa wataalamu unaokuja, unaozama, unaopima na kuandika ripoti iliyo wazi kwa umma. Na hapa inafaa nikae kidogo, kwa sababu kazi ya STAB iliyonishawishi zaidi ilifanyika katika bahari hii yetu ya Hindi. Mwaka 2015, katika kisiwa cha Sainte-Marie huko Madagaska, kundi lililoongozwa na mpiga mbizi wa Marekani lilitoa majini, mbele ya kamera na viongozi, kipande kizito cha kilo 50 hivi, likatangaza kuwa ni fedha ya haramia Kapteni Kidd na kwamba meli yake, Adventure Galley, imepatikana. Habari ikazunguka dunia. Madagaska ilikuwa imeridhia mkataba mwaka huohuo, hivyo ikaweza kuwaita wataalamu wa STAB. Walikipima kile kipande: asilimia 95 ni risasi, madini ya kutilia uzito, na fedha hakuna. Waliiangalia na ile "meli": ilikuwa kifusi cha ujenzi wa zamani wa bandari. Lakini ripoti haikuishia kwenye kukanusha. Iliikumbusha nchi kwamba ghuba hiyo ina mabaki mengine ya kweli yanayostahili kuchunguzwa kwa utaratibu.

Mwaka uliotangulia walifanya kazi ya namna hiyo Haiti, ambako ilidaiwa kwamba Santa María ya Columbus imeonekana. Wataalamu walizitazama misumari na viungio, wakakuta vya shaba au shaba nyeusi, ufundi wa mwishoni mwa karne ya 17 au karne ya 18. Columbus alifika mwaka 1492. Neno likaisha hapo. Serikali inapokabiliwa na mtu mwenye kamera, mawakili na wafadhili, sauti ya namna hii ni kinga kubwa.

*Kinakwama wapi.* Kama nchi yako haijaridhia, huna haki ya kukiita kwa njia hiyo. Hata ikiwa imeridhia, ombi hupitia wizara na tume ya taifa ya UNESCO, na barua hizo zina mwendo wake. Tena ujumbe hukaa siku chache na kuondoka. Wanakuachia ripoti tu; walinzi, boti na maabara ni juu yako.

*Kinamfaa nani.* Serikali yenye mgogoro mkubwa: dai la hazina, kampuni ya kutoa mizigo, meli inayodaiwa na nchi mbili.

ICUCH: kamati ya ICOMOS

*Kinawajibika kwa nani.* ICOMOS ni baraza la kimataifa la wataalamu wa minara na maeneo ya kale, lililoundwa mwaka 1965. ICUCH ni kamati yake ya urithi wa chini ya maji, iliyoanzishwa mwaka 1991 kwa msukumo wa Australia, na rais wake wa kwanza alikuwa Graeme Henderson wa Makumbusho ya Australia Magharibi. Wajumbe ni wataalamu wanaopitia kamati za kitaifa za ICOMOS. Hawaitumikii serikali yoyote. Wanawajibika kwa taaluma.

Uzito wa kamati hii uko katika ilichokwisha kuandika. Hati ya ICOMOS juu ya ulinzi na usimamizi wa urithi wa chini ya maji, iliyopitishwa Sofia, Bulgaria, mwaka 1996, ndiyo iliyokuwa msingi wa zile kanuni 36 za UNESCO. Waliotunga kanuni walitoka humu, na hilo halina budi kukumbukwa mtu anapoihukumu ICUCH kuwa ni klabu ya mikutano tu.

*Nani anakiomba.* Idara za mambo ya kale, makumbusho, mameneja wa maeneo ya Urithi wa Dunia, na wataalamu mmoja mmoja kupitia kamati ya ICOMOS ya nchi yao. Nchi haihitaji kuwa imeridhia mkataba wa 2001. Kwetu hii si tofauti ndogo.

*Unachopata.* Maoni ya kitaalamu juu ya mpango wa mradi, juu ya sera, juu ya athari za ujenzi. Kumbuka pia kwamba ICOMOS, pamoja na mashirika mengine mawili ya uhifadhi, IUCN na ICCROM, imetajwa katika Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972 kuwa mshauri rasmi wa Kamati ya Urithi wa Dunia. Mwambao wetu una Kilwa Kisiwani na Songo Mnara tangu 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar tangu 2000, Mji wa Kale wa Lamu tangu 2001 na Fort Jesus tangu 2011. Miji hii yote ilizaliwa na bahari. Nusu ya historia yake iko pale nanga zilipotupwa. Lakini mipaka iliyochorwa kwenye ramani mara nyingi hukomea ukutani au ufukweni. Linapokuja suala la gati jipya, kuchimba mkondo wa meli au kulaza nyaya, anayepaswa kuuliza "na chini ya maji kuna nini?" ni mshauri, na ICUCH ndiyo sehemu ya ICOMOS yenye macho ya kuliona hilo. Mradi wa bandari ya Lamu ulijadiliwa na Kamati ya Urithi wa Dunia zaidi ya mara moja. Mijadala ya aina hiyo ndiyo nafasi ya kupenyeza madai ya uchunguzi wa sakafu ya bahari kabla ya mashine kushuka.

*Kinakwama wapi.* Ni kazi ya kujitolea ya watu wenye ajira zao kwingine. Hakuna ofisi kubwa, hakuna mfuko wa dharura. Barua yenye swali pana hupata jibu pana. Na maoni yao, hata yakiwa mazuri kiasi gani, hayamlazimishi mtu.

*Kinamfaa nani.* Ofisa anayeandika mpango wa usimamizi au anayetaka mtu wa kumsomea mpango wa mradi kabla hajauidhinisha. Vilevile anayepigania uchunguzi wa bahari katika tathmini ya athari za ujenzi.

ACUA: baraza la Marekani lenye macho ya nje

*Kinawajibika kwa nani.* Baraza la Ushauri wa Akiolojia ya Chini ya Maji lilitokana na mikutano ya miaka ya 1960, taaluma yenyewe ilipokuwa changa. Ni mwaka 1960 tu George Bass na wenzake walipochimbua meli ya Gelidonya, Uturuki, wanaakiolojia wakizama wenyewe badala ya kungoja wazamiaji wawaletee vitu juu. Baraza hili limeshirikishwa na Jumuiya ya Akiolojia ya Kihistoria, SHA, na wajumbe wake huchaguliwa. Ni shirika huru lisilo la faida.

*Nani anakiomba.* Karibu kila mtu. Baraza lenyewe linajieleza kuwa linafanya kazi na wasomi, serikali, wazamiaji wa burudani na umma. Mwanafunzi anaweza kuwaandikia, na huhitaji muhuri wa wizara.

*Unachopata.* Zaidi ya yote, jumuiya ya wasomi. Mkutano wa SHA hufanyika kila Januari, ACUA ikisimamia upande wa chini ya maji. Makala zake huchapishwa, kuna tuzo ya kuwasaidia nauli wanafunzi wa kimataifa wanaowasilisha kazi, na kuna mwongozo juu ya vyuo vinavyofundisha taaluma hii. Msimamo wao dhidi ya kuuza vitu vya meli ni wa miaka mingi na haujayumba, jambo linalosaidia ukitaka kumwonyesha mkubwa wako kwamba kukataa biashara hiyo si ukaidi wa mtu mmoja. Pia wana sauti UNESCO, wakiwa miongoni mwa mashirika yasiyo ya kiserikali yanayotambuliwa kushirikiana na STAB.

Mashindano yao ya picha za akiolojia huenda yakaonekana jambo dogo. Siyaoni hivyo. Picha moja safi ya mzinga uliolala mahali pake, na samaki wamepita juu, humfanya diwani aelewe jambo ambalo ripoti ya kurasa 80 haikumwelewesha.

*Kinakwama wapi.* Uzoefu wake mwingi ni wa sheria na bahari za Amerika Kaskazini. Mkutano wa Januari unataka viza, nauli na kiingilio. Na haliwezi kusimama mbele ya serikali yako kama STAB inavyoweza.

*Kinamfaa nani.* Mwanafunzi na mtafiti kijana anayetafuta walimu na pa kuchapisha, pamoja na makumbusho inayotaka hoja za kimaadili zilizoandikwa vizuri.

NAS: shule ya watu wa kawaida

*Kinawajibika kwa nani.* NAS, yaani Jumuiya ya Akiolojia ya Ubaharia, ni jumuiya ya hisani ya Uingereza, makao yake Fort Cumberland, Portsmouth. Inawajibika kwa wanachama wake, na uanachama uko wazi kwa yeyote mwenye kulipa ada. Jarida lake la kitaaluma limekuwa likitoka tangu 1972.

*Nani anakiomba.* Mzamiaji, mwalimu wa uzamiaji, mwanafunzi, mstaafu, mtu asiyejua hata kuogelea. Hakuna kingine kati ya vinne kilicho wazi kiasi hiki.

*Unachopata.* Ujuzi wa mikono. Mafunzo yake yalianza mwaka 1986 na yameenea nchi nyingi. Unafundishwa kuweka pointi za kudumu kuzunguka mabaki, kunyoosha utepe kutoka pointi tatu au zaidi hadi kwenye mdomo wa mzinga, kuandika kwa penseli kwenye ubao wa plastiki ukiwa kina cha mita kumi, kisha ukirudi juu kuvigeuza vipimo kuwa ramani. Siku hizi wanafundisha pia kuunganisha mamia ya picha kuwa sura kamili ya mabaki kwa kompyuta. Na wanafundisha kuacha: usiguse, usisogeze, andika, toa taarifa. Kitabu chao cha kanuni na utendaji ndicho kinachofunguliwa kwanza na wengi wanaoanza. Wana pia mpango ambao kikundi "hupanga" mabaki ya meli moja, kikawa kinayatembelea na kurekodi mabadiliko mwaka hadi mwaka.

Nalipenda wazo hilo kwa pwani yetu kuliko jingine lolote katika makala haya. Hatuna wanaakiolojia wa majini wengi. Tuna wavuvi, wapiga mbizi wa pweza na kaa, na vituo vya uzamiaji vinavyoshuka mahali palepale kila wiki. Hao ndio wanaojua mchanga umehama lini. Wala si lazima kuzama. Maji yakipwa Kilwa, zinaonekana njia za mawe ya matumbawe zilizojengwa juu ya mwamba na kuelekea kwenye maji mengi, kazi ya watu wa mji ule wa kale. Utepe, penseli na viatu vya kutembelea kwenye mwamba vinatosha kuanzia.

*Kinakwama wapi.* Cheti cha NAS si kibali, wala hakikufanyi mwanaakiolojia. Mafunzo yake mengi ni ya Kiingereza, mifano mingi ni ya maji ya baridi ya Ulaya, na ada zake kwa shilingi zetu si ndogo. Jumuiya hii pia haina nguvu mbele ya wizara.

*Kinamfaa nani.* Mwenye kituo cha uzamiaji, vikundi vya BMU (vya wavuvi wanaosimamia fukwe zao), makumbusho ndogo inayotaka wafanyakazi wake wapate mikono ya kazi.

Vikiwekwa pamoja

Kwa uzito mbele ya serikali, STAB iko juu, ICUCH inafuata, hasa pale ambapo eneo la Urithi wa Dunia linahusika. Kwa wepesi wa kufikika, mpangilio unageuka: NAS kwanza, kisha ACUA. Kwa mwanafunzi, ACUA inampa wenzake wa kitaaluma na NAS inampa ujuzi, na hivyo viwili havichukui nafasi ya kimoja na kingine. Fedha za kuchimbua havitoi. Anayekuahidi fedha mara nyingi anataka kitu.

Na kuridhia mkataba kusichukuliwe kuwa ndiyo mwisho wa mambo. Uingereza ilijizuia kupiga kura mwaka 2001, na Marekani wakati huo haikuwa hata mwanachama wa UNESCO, lakini ACUA na NAS, zilizoko katika nchi hizo mbili, zimezishikilia kanuni 36 kana kwamba ni zao. Idara yoyote ya pwani yetu inaweza kuziweka kanuni hizo ndani ya masharti ya vibali vyake kesho asubuhi bila kusubiri bunge.

Wengine huichanganya ACUA na INA, Taasisi ya Akiolojia ya Ubaharia ya Texas. INA huingia uwanjani kuchimbua. Ndiyo iliyoshirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya kati ya 1977 na 1980, chini ya Robin Piercy, kwenye Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 wakati Waomani wameizingira ngome. Vitu vilivyotolewa viko Mombasa, ndani ya ngome, mtoto wa shule wa Likoni anaweza kuvuka kwa feri akaviona. Linganisha na Msumbiji, ambako serikali iliipa kampuni binafsi mkataba wa kutoa mizigo ya meli, na mwaka 2004 kaure za Kichina za karne ya 16 zilizotolewa karibu na Kisiwa cha Msumbiji zikauzwa mnadani Amsterdam. Vitu hivyo sasa vimetawanyika kwenye kabati za watu. Ushauri ulitakiwa uombwe kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Kwa hali yako

Umeletewa mkataba wa kutoa mizigo: usisaini, na usikubali "majaribio ya awali" kwa maneno matupu. Waombe ICUCH wasome mpango wa mradi. Angalia vitu vitatu wewe mwenyewe kabla ya jibu lao kufika: nani atamiliki vitu, nani atalipia uhifadhi baada ya kazi, na ripoti itachapishwa wapi. Nchi ikiwa imeridhia na jambo limeshafika kwenye magazeti, wizara iombe ujumbe wa STAB.

Umeona mabaki ukizama: chukua picha bila kugusa, andika mahali na kina, wapelekee wenye mamlaka, na mahali penyewe usipatangaze mtandaoni. Kisha tafuta mafunzo ya NAS ili ukirudi chini ulete vipimo badala ya kumbukumbu.

Wavu umekuja na chombo cha kale: kiweke ndani ya ndoo ya maji ya bahari hiyohiyo, kivulini, usikisugue na usikikaushe, na ita ofisi ya makumbusho au mambo ya kale siku hiyohiyo. Hapa huhitaji kifupisho chochote kati ya vinne. Kubadilishiwa maji kuwa yasiyo na chumvi ni kazi ya mhifadhi.

Bandari, gati au bomba linakuja katika eneo lako: dai uchunguzi wa sakafu ya bahari uwe ndani ya tathmini ya athari, na kama kuna eneo la Urithi wa Dunia karibu, waandikie ICOMOS mapema, mradi ungali kwenye michoro.

Unataka kuisomea kazi hii: anza na walio karibu. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina wanaakiolojia wa chini ya maji, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watafiti wa urithi wa bahari. Afrika Kusini na Msumbiji kuna mtandao wa kutafuta meli za watumwa, ulioitambua São José, iliyotoka Msumbiji na zaidi ya watu 500 waliofanywa watumwa ikavunjika karibu na Cape Town Desemba 1794. Ukishakuwa na kazi ya kuonyesha, hata ndogo, ACUA itakusikiliza.

Unadai umeitambua meli maarufu: kazi yako ipitie kwanza kwa wenzako wa taaluma. Mabaki ya Ngomeni, karibu na Malindi, yalionekana mwaka 2013. Mwaka 2024 wanaakiolojia Filipe Castro na Caesar Bita walichapisha hoja kwamba huenda ni São Jorge, ya msafara wa mwisho wa Vasco da Gama wa 1524, nao wakaliacha neno "huenda" mahali pake. Waliandika kwenye jarida, wakaeleza ushahidi na mapungufu yake, na wavuvi wa Ngomeni wakashirikishwa katika kulinda mahali pale. Ukipeleka dai la namna hiyo ICUCH au ACUA, peleka pia vipimo, picha, sampuli za mbao na orodha ya majina mengine uliyoyafikiria na sababu za kuyaacha.